Chama Kilichongoja Kilio

Mama Kamba alikuwa na mikono migumu na mdomo mwepesi.

Mikono ilikuwa migumu kwa sababu ya katani. Kila asubuhi alisali, akafagia uwanja, kisha akakaa kwenye kigoda na kunyoosha miguu. Alisokota nyuzi za katani juu ya paja lake mpaka zikawa kamba. Kamba zake zilifunga mbuzi, zilivuta ndoo kisimani, zilifunga mizigo ya kuni. Watu walisema, kamba ya mama huyu ikikatika, basi mbuzi mwenyewe ana pepo.

Mdomo ulikuwa mwepesi kwa sababu Mungu alimuumba hivyo, naye hakuona haja ya kubishana na Mungu.

Aliishi na mwanawe, fundi baiskeli, pamoja na mke wa mwanawe. Mkwe wake huyo alikuwa na mimba ya kwanza, bado changa.

"Mama, leo unasokota nene," mkwe alisema asubuhi moja. "Ni ya ng'ombe?"

"Ya machela. Ile ya zamani imechakaa. Shemeji ananisumbua kila siku, utadhani yeye mwenyewe ndiye atakayebebwa."

Kijiji chao kilikuwa mlimani. Bondeni kulikuwa na kijito, na ng'ambo ya kijito ndiko barabara ya magari ilikoanzia. Zahanati ilikuwa pale pale, mwanzo wa barabara. Lakini kutoka kijijini mpaka zahanati kulikuwa na njia nyembamba tu ya udongo. Mvua ikinyesha, njia ile iliteleza kama imepakwa sabuni.

Kijiji kilikuwa na kitu kimoja ambacho hata wageni walikisifu. Kilikuwa na chama cha kuzikana. Mtu akifa, hakuna aliyeulizwa wala kuombwa. Wabebaji walileta machela, yaani miti miwili iliyosukwa kwa kamba katikati. Wachimbaji walichukua majembe. Wanawake wa zamu walichota maji na kuwasha moto. Mwenyekiti alikuwa fundi seremala, mdogo wa marehemu mume wa Mama Kamba. Kwa kuwa yeye alimwita Shemeji, kijiji kizima nacho kikamwita Shemeji, wazee kwa watoto.

Chama kilikuwa na sheria moja ya tangu zamani: chama hakiinuki bila kilio. Kilio kikisikika, wote husimama. Kama hakuna kilio, kila mtu na shughuli zake.

Mdogo wake Mama Kamba alikuwa mshonaji. Nyumba yake haikuwa mbali. Siku moja ya mvua, asubuhi, alijifungulia nyumbani. Mtoto alizaliwa salama, akalia kwa nguvu, watu wakamshukuru Mungu. Lakini damu ya mama haikukoma. Nguo moja ikaloa, nyingine ikaloa.

"Dada," mshonaji alisema, midomo imekauka, "nasikia baridi. Nipelekeni zahanati kwa Sista. Naona naondoka."

Mama Kamba alikimbia mvuani mpaka karakana ya Shemeji.

"Shemeji! Toa machela! Waite wabebaji!"

Shemeji alisimama na randa mkononi. "Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu! Mdogo wangu anavuja damu!"

"Sasa, shemeji yangu, mtu mzima mwenye uhai tumlaze kwenye machela ya maiti? Si tutakuwa tunamwita Mauti kwa jina? Na sheria unaijua. Chama hakiinuki bila kilio. Tumwombe Mungu, atapata nafuu."

"Basi njoo wewe mwenyewe!"

"Peke yangu nitafanya nini?"

Mama Kamba alibisha hodi nyumba ya pili na ya tatu. Kila mahali aliambiwa pole. Wengine walisema mambo ya uzazi ni ya nyumba yenyewe. Basi wakamkalisha mgonjwa kwenye baiskeli. Fundi baiskeli akashika usukani. Mume wa mshonaji akamshika upande mmoja, Mama Kamba upande wa pili. Waliteleza, wakaanguka, wakainuka, wakaanguka tena. Walipofika kijitoni, mshonaji hakuwa anajibu tena. Mama Kamba alimwita kwa jina lake la utotoni. Hakujibu.

Ndipo Mama Kamba akalia. Sauti ilipanda mlima.

Machozi yake hayajafika kidevuni, watu hao! Walishuka mbio kwenye utelezi ule ule, wengi, bila hata mmoja kuanguka. Wabebaji mbele, machela mabegani. Ilikuwa imefungwa kwa kamba mpya aliyoisokota yeye mwenyewe.

Mama Kamba aliwatazama. Akaacha kulia.

"Mmekuja!" alisema. "Tazameni mlivyo wengi! Tazameni mlivyo hodari! Asubuhi mlikuwa wapi?"

"Shemeji, nyamaza," Shemeji alisema taratibu. "Unamliza marehemu."

"Marehemu halii! Aliyelia alikuwa hai, na hamkumsikia! Kumbe kwenu mtu ana thamani akishapoa!"

Walimbeba mshonaji kwa heshima, wakamzika kwa heshima. Kichanga kikachukuliwa na shangazi yake. Na heshima ile yote ilimuuma Mama Kamba kuliko tusi.

Baada ya msiba, muuguzi wa zahanati aliwaita wanawake wa kijiji. Wote walimwita Sista. Alikuwa kijana, mgeni pale, na sare yake ilikuwa nyeupe pe. Aliwakalisha barazani. Ukutani nyuma yake palikuwa na picha kubwa ya mama mjamzito anayetabasamu.

"Akina mama, mnachelewa mno," Sista alisema. "Mtu anavuja damu, ninyi bado mko nyumbani. Huu ni ukosefu wa elimu. Lazima mbadilike."

Mama Kamba alisimama kabla hajajua kwamba amesimama.

"Sista, ile njia ya kwetu umewahi kuipanda?"

"Bado, mama."

"Bado. Basi sikiliza. Mdogo wangu hakufa kwa kukosa elimu. Alijua anakufa, na alituambia. Alikosa mabega ya kumbeba! Hiyo picha yako ukutani, ina mabega?" Akageuka, akanyoosha kidole uwanjani. Gari la wagonjwa lilikuwa pale, magurudumu yametolewa, limewekwa juu ya mawe. "Na lile nalo? Limekaa kama kuku anayeatamia. Litaangua lini?"

Wanawake waliziba midomo kwa ncha za nguo. Mama Kamba alishuka barazani, akaenda zake.

Siku ya mapumziko, Sista alipanda mlima. Alifika uwanjani kwa Mama Kamba akiwa na tope mpaka kiunoni.

Mama Kamba alimtazama juu mpaka chini. "Karibu. Naona njia imekusalimia."

"Imenisalimia mara mbili, mama. Ya pili imenikumbatia kabisa."

Mama Kamba hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka. Akamletea maji ya kunawa na kigoda.

"Nimekuja kukuomba radhi," Sista alisema. "Nilihukumu kabla ya kuuliza. Na leo nimeiona njia. Tafadhali, mama, nisimulie siku ile. Yote, tangu asubuhi."

Mama Kamba alisimulia huku akisokota. Aliposimulia jinsi watu walivyoshuka baada ya kilio, Sista alimkatiza.

"Subiri, mama. Nani aliwaita?"

"Nani awaite? Wakisikia kilio, kila mtu anajua kazi yake."

"Na hawakuanguka njiani?"

"Hao? Hao wamebeba watu wazito kwenye mvua tangu ujana wao. Mguu wao unaijua njia kuliko jicho."

Sista alisogeza kigoda karibu. "Mama, mimi nimefundishwa kuuliza vijiji vinakosa nini. Nikiuliza, jibu huwa refu, na mwishoni sote tunakata tamaa. Sikufundishwa kuuliza vina nini. Ninyi mna watu wanaokuja bila kubembelezwa. Mna zamu. Mna wabebaji wasioanguka. Mama, gari la wagonjwa mnalo. Tatizo ni moja tu, linaitwa mtu akishakufa."

Mkono wa Mama Kamba ulisimama juu ya paja.

"Unaniambia kwamba dawa ya mdogo wangu ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa seremala?"

"Sikuambii ili uumie, mama."

"Niache niumie!" Mama Kamba alitupa katani chini. "Nikiumia ndipo nitembee. Twende kwa Shemeji."

Mkutano wa chama ulifanyika karakanani, watu wamekaa juu ya mbao na maranda. Maneno yakawa mengi. Mchoma mkaa alisimama kupinga. Alikuwa mbebaji hodari kuliko wote, na mwoga kuliko wote.

"Mimi nasema wazi. Machela ile imelaliwa na wafu. Nani atakubali mke wake alale pale akiwa hai?"

"Wewe kitanda chako ulikipata wapi?" Mama Kamba aliuliza.

"Nilirithi kwa marehemu baba."

"Na marehemu baba alifia wapi?"

Mchoma mkaa alikuna kichwa. "Palepale kitandani."

"Na wewe unalala hapo mpaka unakoroma, majirani tunakusikia!"

Karakana ililipuka kwa kicheko. Lakini Sista hakucheka.

"Tusimcheke mwenye hofu," alisema. "Mgonjwa akiogopa machela, hatapanda. Chama ni chenu na machela ile iacheni kwa kazi yake. Je, hatuwezi kuwa na nyingine ya watu walio hai?"

Shemeji alikuwa akipapasa mbao aliyokalia. Sasa aliinua macho. "Mbao ninazo," alisema. "Naweza kuiinua upande wa kichwa. Naweza kuweka turubai la kuzuia mvua."

"Na kilio?" mtu mmoja aliuliza. "Tutajuaje kama tunaitwa kubeba mgonjwa au kuzika?"

"Lile jembe bovu pale," Shemeji alijibu. "Tutalitundika nje. Likigongwa, ujue mtu anaumwa na yu hai. Zamu ya kubeba itoke mbio."

"Na sheria yetu ya zamani?"

Mama Kamba alikwisha kusimama. "Sheria iliwekwa na watu ili mtu asizikwe peke yake. Ni sheria nzuri. Lakini Mungu hakusema tupendane kaburini tu! Kama tunaweza kumbeba asiyesikia maumivu, tushindwe kumbeba anayesikia?"

Walikubaliana. Shemeji alitengeneza machela, Mama Kamba akaisuka kwa kamba laini. Ilikuwa nzuri sana. Ikakaa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulala juu yake. Watoto waliizunguka kwa mbali, na wajawazito walipita wakiangalia pembeni.

Mama Kamba aliona hali hiyo, akachemka. Alikwenda karakanani saa ya mchana watu wakiwa wengi, akavua ndala zake, akajilaza kwenye machela, akafunga mikono kifuani.

"Nibebeni."

"Shemeji, unaumwa?" Shemeji aliuliza.

"Naumwa na ujinga wenu. Nibebeni mpaka zahanati na kurudi. Nikifa leo, mtakuwa na haki ya kuogopa. Nisipokufa, nyamazeni milele."

Walimbeba. Njia nzima watu walitoka majumbani. Bibi mmoja alimwona kwa mbali, akashika kichwa na kuangua kilio: "Uwii! Mama Kamba wetu!"

Mama Kamba aliinua shingo. "Nani kakwambia nimekufa? Niko hapa! Acha kulia, niletee maji ya kunywa, jua kali!"

"Mama Kamba," mchoma mkaa alihema, mti begani, "kwa kweli wewe ni mzito kama gogo lililonyeshewa."

"Beba, mwanangu, beba. Huyo mkeo unadhani ni unyoya?"

Siku ile walijifunza mengi. Waliona kwamba wabebaji wa mbele na nyuma lazima walingane urefu, na kwamba mtu mmoja atangulie kutoa mawe njiani. Walichagua mahali pa kubadilishana mabega bila kuishusha machela. Mama Kamba alirudi hai, tena akiwa na njaa. Jioni watoto walikuwa wakigombania kulala kwenye machela.

Baada ya hapo Sista alipanda mlima mara kwa mara. Hakuja tena na picha. Alikaa uwanjani kwa Mama Kamba, na alitaka wanaume wawepo pia.

"Mama mjamzito akitokwa na damu, hata kidogo, tunafanya nini?" aliuliza.

"Tunagonga jembe," walijibu.

"Akiumwa kichwa sana, macho yakaona ukungu, au uso na mikono vikavimba?"

"Jembe!"

"Akishikwa na degedege? Akiwa na homa kali? Mtoto akiacha kucheza tumboni? Uchungu ukipita kutwa nzima bila mtoto kuzaliwa?"

"Jembe, Sista! Tutalitoboa hilo jembe!"

"Na damu ikiendelea kutoka baada ya kujifungua, msingoje kuona kama itakoma. Mfunikeni mama apate joto, mtoto anyonye, naye mama abebwe upesi. Na nawaomba, tarehe ya kujifungua ikikaribia, njooni mkae karibu na zahanati. Kubebwa ni kwa jambo la ghafla. Kuwahi ndiko bora."

Mkwe wa Mama Kamba alisikiliza kuliko wote. Tumbo lilikuwa limeshakua. Walipanga kwamba mwezi wake ukifika, atakwenda kukaa kwa shangazi yake jirani na zahanati.

Mwezi haujafika, alasiri moja, mkwe alikuwa akichambua mboga uwanjani. Akainuka ghafla na kuangalia nguo yake.

"Mama. Damu."

Mama Kamba aliiona nguo nyingine, siku nyingine, mvua nyingine. "Unaumwa?"

"Siumwi kabisa."

Jirani aliyekuwa pale alisema, "Kama haumwi, si kitu. Alale tu. Mimi nina majani ya kuchemsha, akinywa itakata."

Mama Kamba, mwenye mdomo mwepesi, hakuwa na neno. Ni mkwe aliyesema.

"Hapana, mama. Sinywi kitu. Sista alisema damu hata kidogo si ya kungoja, iwe na maumivu au bila maumivu. Mwite mwanao agonge jembe."

Fundi baiskeli aliligonga jembe kama mtu anayevunja mlango. Watu walitoka mashambani na udongo miguuni. Shemeji alifika bila shati, gundi ya mbao mikononi. Wakamlaza mkwe kwa ubavu wa kushoto, kama walivyofundishwa, wakamfunika, wakaondoka. Hakuna aliyepiga kelele. Mchoma mkaa alikuwa mbele, naye aliimba polepole ili hatua zilingane. Kijitoni waliingia majini mpaka kiunoni, wakainua machela juu ya vichwa. Mama Kamba alifuata nyuma, akisema maneno mawili tu, tena na tena: "Ee Mungu. Ee Mungu."

Sista aliwapokea mlangoni. Alimtundikia mkwe maji ya mshipani, akasikiliza moyo wa mtoto. "Mtoto yupo," alisema. "Lakini nadhani kondo la nyuma limekaa mlangoni mwa kizazi. Hawezi kuzaa kwa njia ya kawaida, atavuja damu nyingi. Anahitaji upasuaji hospitali kubwa. Sasa hivi."

Wote waligeuka kuliangalia gari la wagonjwa. Lilikuwa bado juu ya mawe. Nyasi zilikuwa zimeota mpaka mlangoni.

"Tangu nifike hapa naandika barua," Sista alisema kwa hasira. "Najibiwa kwamba linashughulikiwa."

Fundi baiskeli alikwisha kukimbilia barabarani. Alisimama katikati, mikono juu, mbele ya lori la mchanga. Dereva alitoa kichwa dirishani kutukana, akaona machela, tusi likamfia mdomoni. Akamwaga mchanga wote kando ya barabara.

"Mpandisheni," alisema. "Mchanga hauozi."

"Na wabebaji nao wapande," Sista alisema. "Huenda wakahitajika watu wa kumtolea damu."

Hospitalini daktari hakupoteza muda. Damu ya Shemeji ilifaa, na ya mchoma mkaa pia. Mchoma mkaa alifumba macho sindano ilipoingia, akasema afadhali abebe Mama Kamba mpaka mwisho wa dunia. Usiku ulikuwa umeshaingia daktari alipotoka.

"Mtoto wa kike. Mdogo, lakini ana mapafu ya mpiga mbiu. Na mama yu hai." Akawatazama wabebaji wenye matope. "Mngechelewa, ningetoka na maneno mengine."

Mama Kamba alipiga magoti pale pale kwenye sakafu, akamshukuru Mungu kwa sauti. Alipoinuka, alimkuta Shemeji kwenye benchi, pamba mkononi, machozi yakimtoka.

"Shemeji yangu," seremala alisema. "Mdogo wako... Siku ile..."

"Sema."

"Tungeweza."

"Ndiyo," Mama Kamba alisema. "Mngeweza."

Hakusema kwamba si kitu, kwa maana kilikuwa kitu. Lakini alikaa kando yake kwenye benchi lile lile.

Habari zilienea. Baadaye Bwana Afisa alikuja kutoka makao makuu ya wilaya, na gari linalong'aa na mpiga picha. Alitaka apigwe picha ameshika mti wa machela. Watu walikusanywa kwenye uwanja wa zahanati.

"Ninawapongeza sana," Bwana Afisa alisema. "Mmeonyesha kwamba wananchi wanaweza wenyewe, bila kutegemea serikali! Hata gari si lazima!"

Makofi machache yalisikika. Mama Kamba alisimama, mjukuu mgongoni.

"Bwana Afisa, rudia hapo mwisho."

"Nimesema mnaweza wenyewe, mama."

"Sisi tumeweza letu. Njia ya mlimani haina barabara, ina mabega, na mabega tumeyatoa. Lakini kutoka hapa kwenda hospitali kuna barabara. Hapo ni kazi yenu. Mkwe wangu alisafiri kwenye lori la mchanga, tumbo wazi kwa Mungu, na gari la wagonjwa likimwangalia! Usitusifu ili upate kulala usingizi!"

"Mama, gari linashughulikiwa. Litatengenezwa hivi karibuni."

"Linakosa nini?"

"Magurudumu tu, mama. Ni utaratibu."

Mama Kamba alimgeukia mwanawe. "Fundi, hebu yaangalie magurudumu ya gari la Bwana Afisa."

Fundi baiskeli alichuchumaa, akapima kwa mkono, akaenda kwenye gari lililo juu ya mawe, akapima, akarudi. "Mama, ni saizi moja. Hata tundu za nati zinalingana."

Kisha Shemeji akauliza kwa upole kama kuna mtu aliyekuja na spana. Mchoma mkaa alisema anayo. Dereva wa Bwana Afisa alikwenda haraka kusimama mbele ya gari lake.

Bwana Afisa alicheka, akaona hakuna mwingine anayecheka. Akatoa simu. Alizungumza pale pale, mbele ya watu wote, na sauti yake haikuwa tena ya hotuba. Juma hilo hilo magurudumu yaliletwa, na fundi wa kuyafunga. Sista alimlazimisha dereva wa gari la wagonjwa alizungushe uwanja mzima kabla hajatia sahihi kwamba amelipokea.

Tangu hapo jembe limegongwa mara nyingi. Limegongwa kwa ajili ya wajawazito, kwa mtoto mwenye homa kali, kwa mzee aliyevunjika nyonga. Si wote waliopona, kwa maana uhai ni wa Mungu. Lakini hakuna aliyeachwa nyumbani mpaka kilio kisikike.

Siku moja walikuja wageni uwanjani kwa Mama Kamba, wanaume wawili na mwanamke mmoja, kutoka kijiji cha mlima wa pili. Walimkuta akisokota katani.

"Tumekuja kujifunza, mama," mwanamke alisema. "Wajawazito wetu wanatufia njiani. Lakini sisi si kama ninyi. Kwetu hatuna kitu. Hata chama cha kuzikana hatuna."

Mama Kamba aliacha kusokota. Macho yakawaka.

"Hamna kitu? Nani kawaambia?"

"Ndivyo tulivyo, mama. Hatuna kitu kabisa."

"Jioni vijana wenu hufanya nini?"

Walitazamana. Mmoja wa wanaume akajibu kwa aibu, "Wanacheza mpira tu. Timu yetu haijafungwa msimu huu."

"Wanakimbia mbio?"

"Kama swala, mama."

"Na wakiitwa mazoezini, wanakuja?"

"Wote. Hata ikinyesha."

"Halafu mnakaa hapa kumsingizia Mungu kwamba aliumba kijiji kitupu!" Mama Kamba alisukuma katani pembeni, akawavutia vigoda. "Kaeni chini. Nahodha wa hiyo timu ni mtoto wa nani?"